Kumshika Mkono Kufuli

Kanisani kwetu kuna utaratibu ambao sijausikia kwingine. Mtu akifanya ovu zito akatengwa, harudi Mezani kwa Bwana kwa kusimama na kutubu peke yake. Anarudi kwa kushikwa mkono. Na wa kumshika si mchungaji wala mzee wa kanisa; ni yule aliyekosewa, na kama hayupo duniani, basi mtu wa damu yake. Anamtoa benchi la nyuma kabisa, anampitisha katikati ya watu wote mpaka mbele, na mzee wa kanisa anauliza, "Una neno naye?" Ukijibu huna, amepokelewa. Nimeona watu wakishikana mikono kwa ugomvi wa shamba, kwa ugomvi wa mume, hata kwa ugomvi wa mbuzi aliyekula mboga za watu. Sikuwaza kwamba benchi lile atakuja kulikalia Kufuli, na mkono utakaotakiwa uwe wangu.

Kufuli si jina alilopewa na mama yake. Watu walimpachika baada ya moto. Alikuwa mlinzi wa kiwanda cha kushona sare, ghorofani, nyuma ya maghala. Tajiri mwenye kiwanda hakuwaamini mafundi wake, akaagiza mlango ufungwe kwa nje saa za kazi, mtu asije akatoka na kitambaa. Siku nyaya zilipopiga shoti, mlango ulikuwa umefungwa kama kawaida. Mwanangu wa mwisho alikuwa ndani, yeye na wenzake. Kortini Kufuli alisema alikuwa ametoka kwenda kunywa chai, na aliporudi akakuta moto umeshashika. Akafungwa. Tajiri akahama nchi. Nasikia huko aliko ana kiwanda kingine.

Nayasema hivyo, kavukavu, kwa sababu ndivyo yalivyokaa ndani yangu. Watu hudhani nina hasira. Sina. Ukidungwa ganzi ya kung'olewa jino, unajigusa shavu unaona kama umegusa shavu la mtu mwingine. Mimi nimeishi na shavu hilo tangu siku ile. Nakula, nashona, panapochekesha nacheka. Na Mungu sikugombana naye. Niliacha tu kumuuliza. Tunakaa kama watu wa nyumba moja wasiosemezana, namwekea chake, ananiwekea changu, kila mtu na mlango wake.

Mwanangu aliniachia binti yake, nikamlea, sasa ni msichana mkubwa na tunashona naye chumba kimoja. Cherehani yake iko dirishani, yangu karibu na mlango. Namwita Sindano. Ni mwembamba, na ukimgusa vibaya utajua umegusa nini.

Mchungaji alikuja Jumatatu. Ni kijana, ana moyo mzuri, ila maneno yake hutangulia mbele kabla hajayaita. Akakaa kwenye stuli ya wateja, magoti yamemfika kifuani.

"Bibi, Kufuli ametoka."

"Nimesikia."

"Na mama yake hali yake unaijua."

"Figo. Naijua, nilimpelekea uji juzi."

"Anataka amwone mwanawe Mezani kabla hajafumba macho. Na Jumapili hii ni Meza." Akajikuna kidevu. "Bibi, sikufichi. Ufunguo wa mlango wake unao wewe."

Cherehani ya Sindano ikanyamaza. Mchungaji naye akasikia alichokisema. Akafunika mdomo kwa kiganja, kama mtoto aliyetoa tusi mbele ya wakwe.

"Bibi, nisamehe, sikuwa na maana ya..."

"Yameshatoka. Sindano, mpe Mchungaji maji."

Akanywa maji yote. Kisha akajikaza, akaanza upya, kwamba Bwana Yesu pale msalabani aliwaombea msamaha waliompigilia misumari, na sisi tumeamriwa vivyo hivyo.

"Waliompigilia yeye," nikasema. "Mchungaji, kitendawili."

"Tega," akajibu, mazoea tu, maana anajua nikianza siachi.

"Jirani yangu kaibiwa ng'ombe. Nikamwita mwizi, nikamwambia: nenda kwa amani, nimekusamehe. Mimi ni nani?"

Akafikiri. "Mpatanishi?"

"Hapana."

"Mtu wa huruma?"

"Mpe mji, Mchungaji, kazi zetu zinalala," Sindano akasema bila kugeuka.

"Haya, nakupa mji."

"Nimeuchukua, nimekaa, nimekula vya mjini, sasa nakujibu. Mimi ni yule mnayetaka niwe Jumapili. Aliyeungua ni mwanangu. Neno la kumsamehe mtu huyu analo yeye, na ameondoka nalo. Mimi nitoe neno la nani?"

Akaigeuzageuza bilauri tupu mkononi. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea kwake. "Lakini na wewe Bibi uliibiwa. Si ng'ombe wa jirani peke yake. Kuna na wako."

Hilo lilikuwa la haki, sikuweza kulipinga. Nikajipapasa ndani nione kama kuna chochote cha kutoa, kizuri au kibaya. Ilikuwa kama kutia mkono kwenye mfuko uliotoboka.

"Changu nitakitafuta," nikamwambia. "Nikikipata utajua."

Alipoondoka, Sindano akageuza kiti. "Bibi, ukimshika mkono yule mtu, mimi kanisa lile sikanyagi tena."

"Mke mwenzangu, ndiyo unaniachia nyumba?"

Siku zote nikimwita hivyo hucheka, hunijibu kwamba mume mwenyewe nimemzeesha. Safari hii alivuta kiti chake akaendelea kushona.

Siku ya pili yake mama yake Kufuli alikuja, ameegemea bega la mwanawe, ana kitambaa kwenye mfuko wa nailoni. Tumeimba naye kwaya sauti moja tangu tukiwa na meno yote.

"Shoga yangu," akasema akihema, "sikumleta akuombe kitu. Usimsamehe kwa ajili yangu, nisije nikafa na deni lako. Nimeleta shati. La zamani linampwaya, kakonda kama ufagio. Nataka akae kama mtu, hata kama ni benchi la nyuma."

"Mafundi wote wameisha mjini?"

"Wapo. Hawajui kukata kola."

Nikacheka. Ndivyo alivyo, hata akiwa anakata roho atasifia kola. Nikamkalisha kwenye kiti chenye mto, na kabla sijapata futi yangu alikuwa ameshasinzia, mdomo wazi.

Nilivyozoea ni hivi: mimi napima na kusema kwa sauti, Sindano anaandika kwa chaki kwenye ubao uliopo ukutani. Siku hiyo nilisema bega, sikusikia chaki. Nikageuka nikamwona anafunga kitambaa kichwani. "Nyuzi nyeupe zimekwisha," akasema, na nyuzi nyeupe zilikuwepo pakiti nzima. Akatoka. Nikachukua chaki mwenyewe.

Kufuli alisimama kama walivyomzoeza huko alikotoka, mikono mbavuni, macho ukutani. Nikampima kifua. Nikampima mgongo. Kisha nikamzungushia futi shingoni. Shingo ya mtu ina joto. Mshipa ulikuwa ukipiga chini ya kidole changu, nami nikawa nautazama kama ninavyotazama mshono wa mtu mwingine. Sijui swali lilitoka wapi.

"Uliwasikia?"

Akamtazama mama yake. Amelala.

"Niliwasikia."

"Si ulikuwa kwenye chai?"

"Sikwenda kwenye chai, Mama. Nilikuwa pale pale mlangoni. Funguo nilikuwa nazo mkononi." Alisema taratibu, kama anasoma mahali. "Walikuwa wanagonga. Wananiita jina langu, lile langu lenyewe. Tajiri alikuwa amesema nikifungua bila amri yake, kazi sina. Nikampigia simu kumwomba ruhusa. Hakupokea. Nikapiga tena. Moshi ukawa unatokea chini ya mlango, na mimi napiga simu. Halafu nikakimbia. Chai niliinywa baadaye, huko nilikokimbilia."

Futi ilikuwa bado shingoni mwake. Niliiona, nikaitoa.

"Nyoosha mkono," nikasema.

Akanyoosha. Nikapima kutoka bega mpaka kifundo, nikaandika.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Kwa nini umeniambia mimi?"

"Umeuliza, Mama. Wengine waliuliza nilikuwa wapi. Hakuna aliyeuliza kama niliwasikia."

Nilingoja. Nilidhani sasa kitakuja, maana kama kuna siku ya kuja ndiyo hiyo. Nilingoja kilio, au kumkaba, au kumtapikia pale. Nikasikia tu pasi inavyolia inapopata moto. Mtu mwovu nilikuwa nimemchora kichwani miaka yote hiyo, ana sura na meno. Kumbe ni mtu aliyesimama na simu anaomba ruhusa.

"Wenzake mwanangu wana watu wao mle kanisani," nikamwambia. "Nikikushika mkono Jumapili, utawaambia hayo?"

"Nikiyasema hawatanipokea."

"Huenda."

"Na mama atayasikia."

"Atayasikia."

Nikamuuliza mikono ya shati anataka mirefu au mifupi. Akasema yoyote.

Jumapili nilivaa gauni langu la kila Jumapili. Sindano alijifunika shuka gubigubi, akaniambia anaumwa kichwa. Sikumbishia.

Wakati ulipofika, Mchungaji alinitazama na hakusema kitu, na kwa hilo namshukuru. Niliinuka, nikaenda nyuma, nikamshika Kufuli mkono. Ulikuwa na jasho, au wangu ndio uliokuwa nalo. Tukapita katikati. Watu walikuwa wameanza kulia, wale ambao hulia mapema, na mmoja akaguna "Bwana asifiwe" kwa ile sauti ya mtu anayeona jambo zuri linakuja. Mama yake alikuwa mbele, wamemwekea kiti.

"Bibi," mzee wa kanisa akauliza, "una neno naye?"

"Yeye kwanza ana neno nanyi."

Nilidhani hataweza. Alisimama mpaka watu wakaanza kukohoa. Kisha akasema. "Sikwenda kwenye chai. Nilikuwa mlangoni." Alipofika kwenye kuitwa jina lake, mwenye bucha, ambaye binti yake alishonea cherehani ya pembeni ya mwanangu, aliinuka, akaitafuta kofia yake chini ya benchi, akatoka nje. Hakupiga kelele. Wengine walianza. Mtu akasema "Toa huyo!" na Kufuli akakatika sauti.

Ndipo mama yake aliposema, akiwa vile vile kitini, kichwa ameinamisha, "Malizia, mwanangu. Umeshaanza, malizia."

Akamalizia.

Mzee wa kanisa alikuwa amechanganyikiwa, anafunuafunua kitabu. Akarudia swali lake kwa sababu hakuwa na lingine. "Bibi, una neno naye?"

"Ninalo," nikasema. "Na sijui litaisha lini. Nimetafuta wiki nzima ndani yangu. Chuki sikuikuta na msamaha sikuukuta. Mungu akinipa msamaha nitautoa, hata yeye nimemwambia leo asubuhi, na nilikuwa sijamsemesha siku nyingi. Lakini siwezi kusema uongo mbele ya Meza."

"Basi hawezi kupokelewa."

"Najua."

"Na wewe mwenye neno, utaratibu unasema..."

"Utaratibu naujua, baba, nilikuwepo humu kabla hujabatizwa. Mwenye neno na mwenzake hali Mezani."

Mkono wake nilikuwa sijauachia. Nikamgeuza, tukarudi tulikotoka, safari hii hakuna aliyesema Bwana asifiwe. Akakaa benchi la nyuma, kwenye ukuta. Ningeweza kurudi mahali pangu. Nikakaa hapo hapo, nikiacha nafasi kati yetu.

Kwaya ikaanza. Bila mimi na shoga yangu sauti ya pili ilikuwa haina mwenyewe, wanaitafuta tu. Watu wakasimama kwa mistari kwenda mbele. Kufuli alikuwa ameweka mikono magotini. Machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti, na mimi niliyaona yakidondoka, nikajua ni machozi, basi. Huenda siku moja kitaniuma. Daktari wa meno huniambia ganzi ikianza kutoka ndipo utatamani irudi.

Mtu akanigusa bega. Ni Sindano, kitambaa kimekaa upande, viatu vya nyumbani. Sijui alikuwa amesimama pale mlangoni tangu saa ngapi, lakini kwa macho yake nilijua amesikia yote.

"Bibi, sogea."

"Si ulisema hukanyagi?"

"Sikuja kwake. Nimekuja kwako. Sogea."

Nikasogea. Kusogea kwangu kukanifikisha begani kwa Kufuli, naye hakuwa na pa kujisogeza, upande wa pili ni ukuta. Tukakaa hivyo watatu, tukiangalia migongo ya watu wanaokula.