Doa la Mawese Ndani ya Fremu

Mimi ni fundi fremu pale Mwanga, Kigoma, na naomba ieleweke mapema kwamba fremu zangu hazina kasoro. Kasoro huwa ni mimi.

Mdogo wangu Nasra alipokaribia kuolewa alisema hataki kitabu cha wageni. "Kitabu wanasaini wanaojua kuandika," alisema. "Bibi ataandika nini?" Bibi Mwasiti ndiye aliyetulea kule Ujiji, na sasa Nasra alikuwa anaolewa Dodoma. Alitaka aondoke na alama ya mkono wa Bibi, aitundike ukutani kwake. Basi tukakubaliana: kila mgeni achovye dole gumba kwenye wino, aligandamize kwenye kitambaa cheupe, nami nikitie kitambaa hicho kwenye fremu kabla bi harusi hajapanda treni.

Mtu mwingine angenunua wino. Mimi, kwa vile najiita msanii, niliona wino ni mambo ya makarani wa uchaguzi. Harusi ya Kigoma iwe na rangi ya Kigoma, nikasema, nikaenda jikoni kwa Bibi nikachota mawese bakuli zima. Ukumbini nilisifiwa. Yale madole ya rangi ya machungwa yalipendeza kweli, nikawa napita katikati ya meza nimevimba kichwa.

Asubuhi yake kila dole lilikuwa limenenepa. Mchana yakaanza kushikana. Nikamwaga unga wa muhogo juu ya kitambaa ili unyonye mafuta, nikapata kitu kama ugali ulioharibika. Nikapiga pasi. Tafadhali usinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Pasi ilimalizia yaliyobaki: likawa doa moja kubwa, Bibi yumo humo na wageni wote, na hakuna wa kumtenga.

Hofu ikanishika. Nikakata kitambaa kingine, nikakoroga rangi ya kupakia milango, nikawapigia dole wageni wote mimi mwenyewe. Nikafunga kioo. Nilijiona mjanja sana.

Siku ya kuamkia safari Nasra alikuja na Bibi. Bibi aliitikia shikamoo yangu, akakaa kwenye benchi. Nasra aliitazama ile fremu, kisha akanitazama mimi.

"Kaka, wageni wangu wote waliwahi kukatwa na kioo?"

Nikaangalia dole langu. Lina kovu la kazi, limepita katikati. Kwenye fremu kovu hilo lilikuwa kwenye kila dole, safu kwa safu.

"La Bibi liko wapi?" Sauti yake ilikuwa imeshabadilika. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nikavuta kile kitambaa cha kwanza kutoka chini ya meza, nikakitandaza mbele yao, nikaeleza yote.

Bibi alikiinua akakinusa. "We Hamdani, mawese kwenye nguo nyeupe? Nimewafulia mashati ya shule miaka yote ile, na doa hili sijawahi kulitoa."

Nasra alicheka huku analia. Akaniambia niyatoe madole yangu kwenye fremu, niweke doa. Nilikuwa nakinyoosha kitambaa kabla ya kurudisha kioo, Bibi akainuka akagusa katikati.

"Mimi niko hapa."

"Umejuaje, Bibi?" nikauliza.

"Kwani mafuta si yangu?"