Mashine Haizimwi Mchana

"Ondoa mkono wako hapo, inginia."

Basilia Tarqui hakupaza sauti. Aliuegemeza mgongo wake kwenye sanduku la umeme la kituo cha kupimia miale ya jua, sketi yake pana ikaziba njia yote. Inginia Urquidi, aliyepanda na lori asubuhi ile kutoka La Paz, alikuwa bado anahema. Mwinuko wa mita elfu tano na ushei humtoa jeuri mtu yeyote wa bondeni.

"Mama, amri ni saa sita. Kituo kinafungwa. Nazima, tunapakia, tunashuka."

"Saa sita jua liko utosini. Zima jioni."

"Tofauti iko wapi?"

Basilia akahamisha majani ya koka toka shavu moja hadi la pili. Aliajiriwa kufagia, miaka kumi na tisa iliyopita. Lakini wasomi walipolazwa na kizunguzungu, yeye ndiye aliyeunga nyaya zilizokatwa na barafu na kuandika hesabu daftarini. Alijua kwamba jua likilipuka, miale ya gama hufika pamoja na mwanga, setilaiti zikaidaka. Nyutroni, chembe zisizo na chaji, huja nyuma kwa dakika chache, zimenyooka, hazipindishwi na sumaku yoyote. Ila hewa nzito huzimeza. Ili zikiguse chombo cha kuzihesabu, jua liwe juu na mlima uwe mrefu.

"Tofauti ni kwamba jioni tunahesabu upepo," akasema. "Jana jua lilikuwa na madoa kama uso wenye ndui. Leo halinyamazi hilo."

"Nani kakufundisha hayo? Ufagio?"

"Na wewe nani kakufundisha kuzima?"

Froilán, dereva, akaangua kicheko mlangoni. Urquidi akaiva uso.

"Nitaandika kwamba umekaidi amri!"

"Andika. Tarqui, kwa Q."

Saa sita ikapita. Hasira ya inginia ikageuka maumivu ya kichwa. Basilia akamwagiza Froilán amchemshie chai ya koka, mwenyewe asibanduke pale. Urquidi akainywa bila kumtazama.

Saa saba kasorobo, tarakimu nyekundu za chombo, ambazo kutwa hupanda na kushuka kama pumzi za mtu aliyelala, ziliruka.

"Hitilafu ya umeme," Urquidi akasema.

"Tazama tarakimu za vyombo vinavyoangalia pembeni," Basilia akasema. " Zimetulia. Anayepiga hodi anatoka upande wa jua."

Inginia akasogea. Akatazama kwa muda. Kisha akavuta daftari, na kwa dakika tisa nzima Basilia alisoma, yeye akaandika kama karani.

Simu ikalia. Sauti ya profesa chuoni ilisikika hadi mlangoni: setilaiti zimeona mlipuko mkubwa, je, walikuwa wameshazima?

"Hapana," akasema Urquidi. "Hatukuzima."

"Hatukuzima, sisi nani?" Basilia akauliza.

Urquidi akarudisha simu mdomoni. "Mama Tarqui alinikatalia, profesa. Mimi nilitaka kuzima."

Alipokata simu alikaa chini kwenye kreti tupu. "Amri haijabadilika, mama. Kituo kitafungwa tu."

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Sasa jua halijazama."

Hakuondoka kwenye sanduku. Urquidi alilainisha ukurasa wa daftari kwa kiganja, akaanza mstari mpya. Nje, Froilán alizima injini ya lori, na katika ukimya ule wakaisikia barafu ya mlima ikichuruzika juani.