Mwano wa Ng'ambo ya Mto

Mwaka 1994, wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuonekana Bariadi, darasa letu la jioni kanisani lilikuwa na redio. Mwalimu Novatus alitufungulia taarifa ya habari kabla ya hesabu. Siku hiyo tulisikia tena habari za mauaji ya Rwanda.

Akaizima. "Haya, watu wazima. Majeshi ya nje yaende kuzuia, au yakae?"

Niliinamisha uso. Mwanangu Shigela, askari, alikuwa nyumbani kwa likizo. Asubuhi aliniambia, "Mayu, mama yangu, wakitafuta wa kwenda Rwanda, nataka kujitokeza. Lakini si bila neno lako." Nilimwomba anipe mpaka jioni, nisali.

Bundala, kiongozi wa sungusungu, akajibu wa kwanza. "Mwano ukipigwa, mtu anakimbia. Asiyeitikia yowe la hatari tunamtoza ng'ombe. Kuna la kujadili hapo?"

"Huo wa kijijini kwako," akasema Specioza. "Na ule wa ng'ambo ya mto? Mlikimbia mkamvunja mguu Thomasi, kumbe ndiye aliyeibiwa."

Darasa likacheka, Bundala naye kidogo. "Alikuwa anakimbia mbele yetu, gizani. Tungejuaje?"

"Alikuwa anafuata ng'ombe wake. Mngeanza kwa aliyepiga mwano, mkamuuliza."

"Na masika yaliyofuata tukaogopa kukosea tena." Bundala hakuwa anacheka sasa. "Mwano ukapigwa tena hukohuko ng'ambo. Tulikaa tukausikiliza mpaka ukanyamaza. Asubuhi tukaenda kuzika. Wewe ulipika uji wa msibani."

"Nilipika," akasema Specioza.

Mwalimu akanigeukia. "Mama Shigela, hujasema."

"Bado nasali, mwalimu."

Nilisali njia nzima ya kurudi nyumbani. Nilitaka Mungu aniambie kwamba atanitunzia mwanangu. Hakuniambia. Nilichosikia ni kule kunyamaza kwa mwano, ambako hata mimi nilikusikia usiku ule nikiwa kitandani, mlango nimeufunga.

Shigela alikuwa uani akichanja kuni. Aliponiona akaweka shoka chini.

"Wakiita, nenda," nikamwambia. "Ila ukifika, kabla ya kumnyanyulia mtu silaha, mtafute aliyepiga mwano, umuulize."

"Jeshini ni amri, mayu. Mara nyingine hakuna nafasi ya kuuliza."

"Najua. Ndiyo maana naogopa. Ukimuumiza asiye na kosa, usinifiche."

"Kwa hiyo umekubali?"

"Nimekubali. Usinilazimishe kusema mara mbili, naweza kubadilika."

Akacheka, akapiga magoti kwenye vipande vya kuni kama alivyokuwa akifanya utotoni. Nikaweka mkono kichwani pake. Akaushika hapohapo mpaka nilipomaliza Baba Yetu.