Mbele ya Nyumba ya Bibi

Bibi Thuraya alitaka kitu kimoja tu: picha ya nyumba yake ya Kariakoo, ipigwe usiku, mtaa ukiwa mtupu, kama alivyoiona siku aliyoletwa bi harusi. Wanawe walikwishaiuza, na kesho yake asubuhi ilikuwa inabomolewa ili lijengwe ghorofa. Miguu haimbebi tena, basi akanituma mimi mjukuu wake. Nikamchukua rafiki yangu Ignasi, mtu wa Masasi anayepiga picha za harusi, nikamwambia hii kazi ndogo tu. Nimekulia pale, nitapoteaje?

Nilipotea.

Mchana Kariakoo haina shida. Unakata kwenye masufuria, unanyoosha mpaka kwenye mapazia, halafu unaangalia mabegi yaliyotundikwa hadi juu. Hapo ndipo kwetu. Usiku ule wamachinga walikuwa wamekunja kila kitu, zimebaki kuta ambazo sijawahi kuziona. Mbele ya nyumba yetu tuliwaachia wauza mabegi miaka yote; sisi tuliingilia uchochoro wa nyuma. Uchochoro nao mnunuzi alishauziba kwa mabati, na mabati Kariakoo siku hizi yako kila kona.

"Oya Samir, si ulisema wewe mtoto wa Kariakoo?"

"Nyamaza, naangalia."

"Unaangalia nini? Hapa tumeshapita."

"Hatujapita!"

"Tumepita, mwanangu. Paka yule yule."

Nilimkasirikia Ignasi, nikamkasirikia paka, nikawakasirikia hata wamachinga kwa kwenda kulala makwao. Nikajitupa kwenye baraza moja iliyomeguka kona, nikashika tama. Ignasi akanipiga picha.

"Futa hiyo."

"Sifuti. Mtoto wa Kariakoo kapotea Kariakoo! Hii naitundika sebuleni."

Mwisho nikanyoosha kidole kwenye nyumba yenye mlango wa mbao wa kizamani. "Ndiyo hii," nikasema, kwa sauti ya mtu anayejua. Ignasi akaipiga picha kila upande. Machozi yakanilenga, nami nikayaamini machozi.

Asubuhi tingatinga likafanya kazi yake. Mchana tukaenda Magomeni kwa shangazi, anakoishi Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Haya, nionyesheni."

Ignasi akampa kamera. Bibi akaitazama picha ya kwanza.

"Nzuri," akasema taratibu. "Lakini hii ni ya kina Mbaruk."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Hakukuwa tena na nyumba ya kurudia. Ignasi, pamoja na usemaji wake wote, alikuwa anaangalia viatu vyake. Bibi akaendelea kubonyeza, picha baada ya picha, nadhani kwa heshima tu ya kazi yetu. Kidole kikasimama.

"Kona hii," akasema, akiisogeza kamera karibu na macho. "Babu yako aliniletea cherehani, ikamponyoka hapa, ikaimegua. Nilicheka mpaka akanuna." Akanigeukia. "Samir, mbona umekaa kwenye baraza yangu na uso huo? Nani kakuudhi?"

Niliinama nikaangalia. Niliona kijana aliyeshika tama, na nyuma yake mlango wa kijani uliobanduka rangi. Bibi alikuwa anaupapasa kwa kidole, analia na kucheka. Mimi niliutazama sana ule mlango wa kwetu, na bado sikuujua.