Mara ya Tano

Kasmirah alipolazwa kwa homa ya dengi, sikuwaza mara mbili. Mtoto wake ana njaa, mimi nina maziwa. Hayo mengine yote tuliyaongeza sisi watu wazima.

Kwanza mjue kazi yetu. Kwenye kiwanda cha sigara za karafuu hapa Kudus, Indonesia, tunakaa wawili wawili: mmoja anasokota, mwenzake anakata ncha kwa mkasi. Mimi nasokota, Kasmirah anakata, huu mwaka wa saba. Mmoja akichelewa, wote mmechelewa. Hata kuzaa tulipishana wiki tatu tu, mimi nikampata Laras, yeye akampata Danang, na wanawake wa meza ya nyuma wakasema mimba nazo tumezisokota pamoja.

Mimi nilitangulia kurudi kazini. Kasmirah alikuwa bado na wiki tatu za likizo, akabaki na watoto wote wawili nyumbani kwa mama mkwe wake, nyuma ya ukuta wa kiwanda. Likizo yake ilipokwisha, mama mkwe huyo, Mbah Sarinten, yaani Bibi Sarinten, aliacha kuuza tempe, vile vipande vya soya, sokoni ili akae nao yeye. Mume wa Kasmirah yuko Kalimantan kwenye mashamba ya michikichi, hivyo mwenye nyumba ni bibi. Hataki shukrani, ukimletea hata ndizi ananuna. Alitaka kitu kimoja tu: Laras akikua aolewe na Danang.

"Mkwe wangu," ananiita mbele za watu, "huyu binti hatoki humu ndani. Nimemwogesha mimi, nimemkanda mimi, halafu aje kuchukuliwa na mwanamume wa Demak? Thubutu!"

Tulikuwa tunacheka. Wachumba wenyewe walikuwa hawajaota hata jino.

Siku ya kwanza mama yake akiwa hospitali, Danang alikataa maziwa ya kopo. Aliyatapika, akalia mpaka sauti ikakauka. Mapumziko ya saa nne nilitoka mbio, nikanawa mikono mara tatu kuondoa tumbaku, nikamweka kifuani. Akanyonya kwa hasira hadi akasinzia. Saa nane nilipotoka kazini, tena. Kesho yake mara mbili nyingine. Mbah akitazama tu, midomo ikimchezacheza. Mimi nikidhani anasoma dua.

Siku ya tatu, saa nne, nilimkuta amekaa kizingitini, mlango ameurudishia nyuma yake.

"Leo basi, Wartini."

"Basi nini, Mbah?"

"Zimetimia nne. Nimemuuliza Bu Nyai, yule anayetusomesha dini. Akishiba ya tano ni ndugu wa kunyonya, ndoa haramu mpaka kiyama."

Ndani Danang alikuwa analia, kilio kile cha kukwaruza.

"Mbah, mtoto ana njaa!"

"Nimempa maji ya mchele. Sisi tulilelewa kwa maji ya mchele na hatukufa. Na ile ya jana mchana alipiga chafya akaachia, sijui kama inahesabika. Labda ni tatu na nusu. Lakini tusicheze na mambo haya."

"Miaka ishirini ijayo atampenda binti wa Surabaya, wala hatakuuliza!"

"Na akimpenda Laras? Utamwambia nini, kwamba mama yake Laras alishindwa kungoja siku mbili?" Akanitazama, machozi yakimlengalenga. "Ukinipita hapa, mwanao katafute wa kumlea. Nimesema."

Nitasema kweli, maana uongo haunisaidii. Mama yangu alishafariki. Sina mtu mwingine wa kumwachia Laras, na bila mtu wa kumwachia sina kazi. King'ora kikalia. Nikageuka, nikarudi kusokota.

Maziwa yalinitoka yenyewe, pande zote mbili, mpaka kiunoni. Msichana aliyepewa kiti cha Kasmirah akaninong'oneza, "Dada, umelowa." Nikamwambia akate sigara.

Saa nane nilikwenda moja kwa moja hospitali. Kasmirah alikuwa kwenye dripu, midomo imepasuka, lakini homa imeshuka. Nikamweleza yote harakaharaka ili aniambie la kufanya.

"Amekula nini leo?" akauliza.

"Maji ya mchele."

"Na wewe ulikuwa pale mlangoni?"

"Nilikuwepo."

Akafumba macho. "Laras na Danang ni ndugu tangu Februari," akasema.

"Unaweweseka, shoga."

"Siweweseki. Zile wiki tatu Mbah alikuwa bado anashinda sokoni. Chupa ulizoacha zilikuwa zinakwisha saa tatu, binti yako mlafi, na wewe unatoka saa nane. Ulitaka nifanyeje, nimwimbie?"

"Ulimnyonyesha mara ngapi?"

Akanishangaa. "Nitajuaje? Alikuwa akilia, namnyonyesha."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe uliyekuwa unajifungia chooni unakamua vijiko viwili huku unalia? Nije nikwambie maziwa yako hayamtoshi mwanao? Na mama mkwe wangu keshapiga hesabu ya masufuria ya harusi. Nikasema wakianza kutazamana, tutawaambia." Akajaribu kucheka, akakohoa. Halafu akanishika mkono. "Nenda, Wartini. Nenda kamnyonyeshe mwanangu."

Njia nzima nilisikia aibu, na aibu ile sikuwa na wa kumtupia. Ningeweza kumsukuma bibi wa miaka sabini. Sikumsukuma kwa sababu nilipima kazi yangu na njaa ya mtoto wa Kasmirah, na kazi ikashinda.

Mbah alikuwa palepale kizingitini. Nilimwambia kwa kifupi, nimesimama.

"Mara tano zilifika?" akauliza.

"Hakuhesabu, Mbah."

"Hakuhesabu," akarudia polepole. Akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akanipisha. "Basi Laras ni mjukuu wangu tangu Februari na hakuna aliyeniambia. Mna roho mbaya nyie."

Danang alikuwa ameacha kulia. Alikuwa amelala chali, macho wazi, anavuta pumzi kwa kwikwi. Nikanawa, nikamwinua, nikampa ziwa. Akageuza uso. Nikampa tena, akageuza tena, akatazama ukuta. Nikamwomba msamaha, mtoto wa miezi minne, kwa sauti, bibi yake akisikia. Nikamwambia nilikuja asubuhi, nikamsikia, nikaondoka.

Ilichukua muda mrefu. Ndipo akashika.