Nakala ya Namanyere

Chumba cha seva za ushirika pale Majengo, mjini Sumbawanga, hakikuwa na dirisha. Mlango ulikuwa mmoja, na nje yake alisimama Mathias, kaka yake Dominiko, akikohoa ili asisahauliwe. Alikuja kuuliza kama jina lake limo katika orodha ya wanaogawiwa ardhi ya bondeni, maana orodha ilifungwa jana.

Dominiko, fundi wa kompyuta, alikuwa ndani mbele ya mashine. Orodha ile ilikaa ndani ya mashine isiyoshikika, kompyuta nzima iliyohifadhiwa kama faili moja kubwa. Faili lilikuwa na nakala mbili, moja Sumbawanga na nyingine Namanyere. Kilichoandikwa huku kilijiandika na kule. Mtandao ukikatika, upande mmoja ulipaswa kujifunga kwa kufuli, usiandike kitu. Kufuli hilo Dominiko alilitoa mwenyewe. Alisema watu hutoka mbali kwa miguu, na mgeni harudishwi mlangoni. Wakamsifu.

Wiki hii greda la barabara likakata waya. Pande zote mbili zikaendelea kuandika, kila moja ikijiona ndiyo yenyewe. Huku waliandikishwa wakulima wa Kifipa, Mathias akiwamo. Kule waliandikishwa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, Masunga na wenzake. Leo waya umeungwa, na nakala zimekutana kama fahali wawili zizini. Kuzichanganya haiwezekani, moja ibaki, nyingine ifutwe. Majina ya iliyofutwa yangeweza kunakiliwa pembeni na kuandikwa upya, lakini mashine ingeyapiga tarehe ya leo, na waliochelewa hugawiwa makombo.

Alimpigia simu mwenyekiti, Mama Herieth. Mama akasema aliyetoa kufuli ndiye achague, tena kabla ya kikao cha mchana.

Achague nini? Akibakiza ya Sumbawanga, ni Mfipa aliyewapa Wafipa. Akibakiza ya Namanyere, ameuza ndugu zake.

"Mdogo wangu," Mathias akaita, "unataga humo?"

Dominiko akafungua mlango, akamweleza yote bila kuficha. Mathias alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Sasa kigumu kiko wapi? Bakiza yetu. Masunga atajuaje?"

Kweli Masunga asingejua. Alikwishateremka bondeni na ng'ombe wake, huko ambako simu haishiki. Angepata habari siku ya kupimiwa ardhi, mbele za watu.

Akarudi kitini. Akayanakili majina ya Sumbawanga pembeni, kisha akachagua nakala ya Namanyere. Mashine ikauliza kama ana hakika. Akajibu ndiyo.

"Imebaki ipi?"

"Yao."

Mathias alikitazama kioo cha kompyuta, ingawa hakukuwa na cha kuona. "Umenifuta."

"Wewe nakufuta nikikutazama usoni, kaka. Yule ningemfuta hayupo."

"Maneno matamu. Ukayaseme kwa mama yetu."

Lakini hakuondoka. Alisimama palepale kizingitini, akatoa simu, akaanza kuwapigia wakulima wenzake mmoja baada ya mwingine, kwa Kifipa, sauti ya taratibu, akiwaambia waje Majengo, fundi yumo ndani na hana pengine pa kutokea. Dominiko akavuta kibodi, akaanza kuandika upya majina ya wakulima, kila moja na tarehe ya leo.