Nyumba Moja, Mkono Mmoja

Kikao cha wakazi wa mtaa kilifanyika kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, alasiri, ndani ya banda la gari la mwenyekiti. Gari lilitolewa nje, sakafu ikafagiwa, viti vya plastiki vikapangwa kuelekea ukuta wenye rafu ya makopo. Kila nyumba ilikuwa na kiti chake, na kila kiti kilikuwa na mkono mmoja wa kupigia kura. Wasiokuwa na viti, yaani wake, mama wakwe na wapangaji, walikaa kwenye benchi karibu na birika la chai.

Siku hiyo mwokaji mikate alifika mapema, akaketi kwenye kiti cha marehemu mumewe. Kiti kilikuwa karibu na mlango, mguu wake mmoja umefungwa waya. Mume alikuwa fundi rangi. Mtaa mzima ulimwita Bwana Sawa, kwa sababu katika miaka yote ya vikao hakuwahi kukataa jambo. Mkewe alikuja kukataa. Mwenyekiti alitaka uchimbwe mtaro wa kuondoa maji ya mvua yaliyokuwa yakituama mbele ya geti lake, na njia fupi ilipita uani kwa mwokaji, mahali pale pale liliposimama tanuri lake la matofali. Njia ndefu ilifuata barabara na haikumgusa mtu. Bila tanuri, mwokaji hakuwa na kazi.

Katibu alikuwa akifungua kikao Bwana Sawa alipoingia. Alivaa suti aliyozikwa nayo. Kucha zake bado zilikuwa na rangi ya maziwa, ile ile ya kuta za banda, kwa kuwa banda ndilo lililokuwa kazi yake ya mwisho. Alisalimu watu, kisha akasimama kando ya kiti akisubiri.

"Umechelewa, jirani," mwenyekiti alisema.

"Njia ni ndefu," alijibu Bwana Sawa.

"Pole. Shemeji, mpishe mwenye kiti."

Mwokaji aliinuka, akahamia kwenye benchi.

"Huyu bwana," alisema muuza dawa wa pale mtaani, "hata kufa alikubali bila kuuliza swali."

Watu walicheka. Bwana Sawa naye alicheka, kwa adabu, akiwa amefunika mdomo.

Ilipofika zamu ya mtaro, mwokaji aliomba kusema.

"Shemeji, utaratibu unaujua," mwenyekiti alisema. "Nyumba moja, mkono mmoja. Na mkono wa nyumba yenu umeshaketi."

"Mkono huo tumeuzika, mwenyekiti. Wewe mwenyewe ulishika koleo."

"Nilishika, na machozi yalinitoka. Lakini si huyu hapa?"

Hakuna aliyeweza kusema kwamba hakuwapo. Hata hivyo, vipimo vya mtaro vilikuwa bado, na uamuzi uliahirishwa hadi mwezi uliofuata.

Tangu hapo Bwana Sawa alirudi nyumbani kila magharibi. Hakula wala hakunywa. Aliketi kwenye kigoda mbele ya tanuri, akanyoosha viganja kuelekea kwenye makaa, kwa sababu huko alikolala kulikuwa na unyevu. Mkewe alikanda unga wa kesho yake na kumpa habari za siku. Makaa yalipofifia, Bwana Sawa alivaa viatu vyake akaondoka.

Jioni ya kuamkia kikao, mwokaji aliifuta mikono yake kwa aproni, akaketi karibu naye.

"Mwenzangu, kesho usiuinue mkono. Uache pajani tu. Sikuombi jingine."

"Sawa."

"Usiniambie sawa. Niambie hutauinua."

"Sitauinua."

"Na wakikutazama?"

Bwana Sawa aligeuza viganja juu ya makaa.

"Watanitazama sana?"

"Wote."

Bwana Sawa alisogeza kigoda karibu zaidi na moto.

Kesho yake mwokaji hakwenda kwenye benchi. Alisimama nyuma ya kiti cha mumewe, na kwa kuwa utaratibu haukusema lolote juu ya kusimama, walimwacha. Mwenyekiti aliwaomba wanaokubali njia fupi wainue mikono. Karibu nusu ya wenye viti waliinua. Muuza dawa aliikunja mikono yake kifuani, na karibu nusu nyingine wakafanya vivyo hivyo, idadi ikalingana. Ikabaki nyumba moja. Watu waligeuka kuelekea mlangoni.

Mkono wa Bwana Sawa ulianza kuondoka pajani. Mkewe aliukamata kwenye kifundo, ukiwa baridi kama chupa iliyotoka kisimani, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Mkono haukushindana naye. Ulipanda polepole, kama ulivyokuwa umepanda miaka yote, ukaubeba na mkono wa mkewe, mpaka yote miwili ikawa juu, vidole vya mwokaji vikiwa vimeng'ang'ania mkono wa suti.

"Nyumba ya Bwana Sawa," alisema katibu. "Mmoja."

"Mimi naona miwili," alisema muuza dawa kwa sauti ya chini, "na mmoja unavuta chini."

"Nyumba ni moja," mwenyekiti alisema, akaagiza chai imiminwe.

"Ningefanyaje?" Bwana Sawa alimwambia mkewe njiani. "Ni majirani."

Wachimbaji walikuja Jumatano na sururu. Kufikia adhuhuri tanuri lilikuwa rundo la matofali. Mvua ziliponyesha, maji yalipita uani kama ilivyopangwa, na mbele ya geti la mwenyekiti pakawa pakavu. Mwokaji alipata kibarua cha kufagia kwenye duka linalouza mikate iliyotoka kiwandani. Kamati ilitambua mchango wa nyumba yao kwa kununua kiti kipya, chenye miguu minne mizima, na Bwana Sawa alikikalia katika kila kikao.

Na jioni aliendelea kuja. Mara ya kwanza baada ya mvua alisimama ng'ambo ya mtaro, viatu mkononi, akipatazama mahali palipokuwa na tanuri. Mkewe alichukua matofali yaliyosalia, mengine bado meusi kwa masizi, akayapanga majini ili mumewe apate pa kukanyaga. Bwana Sawa alivuka, akaketi kwenye kigoda pale pale alipozoea, akanyoosha viganja kuelekea kwenye maji yaliyokuwa yakipita.

"Baridi," alisema.

"Sawa," alijibu mkewe.